Kupanga Kurasa za Nyimbo kwa Kompyuta

Ninyi mnaoimba katika kwaya mmeshika mara nyingi karatasi ya nyimbo iliyopigwa chapa. Nota mmezisoma, na maneno mmeyaimba, lakini labda hamkujiuliza ni nani aliyeamua mstari ukomee hapa na ukurasa ugeuzwe pale. Kazi hiyo ya kupanga ukurasa ndiyo tutakayojifunza leo. Ikifanywa vibaya, mpiga kinanda huachwa nyuma katikati ya wimbo, na waimbaji hukosa pa kushika.

Zamani ilikuwa kazi ya mafundi tu. Katika mji wa Venice, mwaka 1501, Ottaviano Petrucci alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, na kila karatasi yake ilipita mtamboni zaidi ya mara moja, kwa kuwa mistari ilipigwa chapa peke yake na nota peke yake. Baadaye wakatokea mafundi waliochora muziki juu ya bamba la madini. Fundi alikwaruza mistari mitano kwa chombo chenye meno matano, akagonga nota kwa nyundo, na yote aliyafanya kinyumenyume ili yakichapwa yasomeke sawasawa. Kufuta katika bamba ni taabu kubwa. Basi alihesabu nota zote na kuzigawanya katika kurasa kabla hajashika nyundo. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu hiyo mara moja. Programu za kuandika muziki ziko nyingi. Sisi tutachukua ile iitwayo MuseScore, maana hutolewa bure.

Tuseme wimbo wetu ni wa sauti nne pamoja na kinanda. Ile mistari mitano inayobeba nota huitwa stafu. Kila sauti ina stafu moja, na kinanda kina mbili. Jumla sita, nazo husomwa pamoja kama kundi moja. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Tukiacha pambizo ya milimita 15 juu na chini, zimebaki 267. Katika programu hii kipimo kikuu ni nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Nafasi hiyo ikiwa milimita 1.75, stafu ina kimo cha milimita 7, kwa kuwa nafasi ni nne. Kundi lote, pamoja na maneno, laweza kuchukua kama milimita 100. Basi makundi mawili yataenea, la tatu halina pake. Tukipunguza stafu iwe milimita 5.5, kundi litakuwa kama milimita 79, na ukurasa utabeba matatu.

Lakini angalieni: nota zikipungua, maneno nayo hupungua. Mwimbaji mzee chini ya taa hafifu hataona faida ya karatasi mliyookoa. Afadhali ukurasa uzidi mmoja kuliko macho yashindwe.

Tena maneno ya Kiswahili yana desturi yake. Neno “tunakushukuru” lina silabi sita, na kila silabi hutaka nota yake. Hata “mtu” huimbwa kwa silabi mbili, m-tu. Mnapoandika, kistari kimoja baada ya silabi huwapeleka kwenye nota inayofuata. Nota zikiwa fupi, silabi hubanana, na kompyuta huzisogeza mbali ili zisigongane. Ndiyo sababu mstari mmoja huwa na baa tano na mwingine mbili tu. Programu haijui sentensi ya shairi inaishia wapi. Huvunja mstari pale nafasi inapokwisha. Ninyi mnajua. Basi chagueni baa ambayo kwayo waimbaji huvuta pumzi, mbonyeze kitufe cha Enter, na mstari utakomea hapo.

Sasa tufike kwenye jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kugeuza ukurasa. Fungueni kitabu cho chote: ukurasa wa 1 uko kuume, wa 2 na wa 3 hutazamana. Kwa hiyo hakuna anayegeuza akitoka wa 2 kwenda wa 3. Hugeuza mwisho wa wa 1, na mwisho wa wa 3. Mwimbaji ana mkono wa kugeuzia. Mpiga kinanda mikono yake yote miwili ina kazi. Tafuteni basi, karibu na mwisho wa kurasa hizo za kuume, mahali ambapo kinanda kina kimya, au ambapo mkono mmoja umepumzika, mkabonyeze Ctrl na Enter pamoja ili ukurasa ukatike pale. Ukurasa ukibaki na nafasi tupu chini, si neno. Na wimbo ukiwa wa kurasa mbili tu, uanzeni ukurasa wa 2, ule wa 1 uwe wa jina la wimbo. Hivyo hapatakuwa na kugeuza kabisa.

Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A4. Upande mmoja hupigwa chapa ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kuume. Upande wa pili, wa 2 kushoto na wa 3 kuume. Pigeni chapa nakala moja kwanza, mwikunje, mumpe mpiga kinanda aijaribu wimbo wote bila kusimama.