PANDE, MSITU WA JIRANI: Bayoanuai na Mkazi wa Ubungo

Bayoanuai ni nini?

Ni wingi wa aina za viumbe hai wanaoishi mahali pamoja na kutegemeana: miti, ndege, wadudu, uyoga, hata vijidudu vya udongoni. Mkazi wa Ubungo hahitaji kusafiri hadi Serengeti kuiona. Kati ya Mbezi na Mabwepande lipo Pori la Akiba Pande, lililopewa hadhi hiyo mwaka 1990. Ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani iliyopungua kwa sababu ya mashamba, mkaa na viwanja.

Mfahamu komba wa Rondo

Wengi tunamjua komba mkubwa, yule anayesifika kwa kunywa tembo la mgema. Pande yupo nduguye mdogo, komba wa Rondo, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1997. Uzito wake ni takriban gramu 60, kama yai la kuku. Hapatikani nchi nyingine ila Tanzania, tena katika misitu michache ya pwani kama Pande, Pugu na Rondo mkoani Lindi. Yuko hatarini kutoweka.

Usiku hurukaruka kwenye miti myembamba ya chini akiwinda wadudu. Sasa mkata fito akiingia, huchukua miti hiyo hiyo na kuiacha mikubwa. Kwa mbali utadhani msitu u salama. Kumbe makazi ya komba yameshakatwa, pamoja na miti michanga ambayo ingerithi nafasi ya ile mikubwa.

Msitu unatufaa nini?

- Maji na udongo: Mizizi na majani yaliyoanguka husaidia mvua kuzama ardhini polepole. Mteremko ukibaki mtupu, maji huchimba makorongo na kujaza mchanga mitoni.
- Chakula: Nyuki na wadudu wengine huchavusha maua ya miembe, matikiti na maboga.
- Afya: Popo, vyura na ndege hula wadudu, wakiwemo mbu.

Tufanye nini?

- Usikate fito, usichome mkaa wala kutega wanyama ndani ya hifadhi.
- Unapojenga, nunua nguzo za miti ya kupandwa, na umuulize muuzaji zilikotoka.
- Tumia gesi, mkaa mbadala au jiko banifu kadiri uwezo unavyoruhusu.
- Panda miti ya asili uani, shuleni na kando ya mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.
- Ukiona uharibifu, toa taarifa mapema kwa serikali ya mtaa au kwa askari wa wanyamapori.

Mwananchi, kila gunia la mkaa wa Pande lina mnunuzi. Usiwe wewe.