Kabla Hujalipia Mashine ya Kufulia: Somo kwa Mteja wa Lunga Lunga



Shilingi 20,000 si pesa ndogo. Kwa mtu anayeuza viazi karai karibu na stendi ya Lunga Lunga, hiyo ni akiba ya miezi. Pesa hiyo hutoka kwa simu kwa sekunde chache tu: unaweka PIN, ujumbe unaingia, basi. Ikiwa mashine uliyonunua haifai maji ya kwako, au muuzaji amezima simu, ule ujumbe hautakufulia nguo hata moja. Kwa hivyo leo tutajifunza mambo mawili: namna ya kuchagua mashine inayofaa nyumba ya huku kwetu, na namna ya kuilipia bila kuumia.

Chukua kalamu. Mwisho wa somo kuna zoezi.

1. Je, unaihitaji kweli?

Anza na hesabu. Tuseme unamlipa mama wa kufua shilingi 400 kila anapokuja, na anakuja mara mbili kwa wiki. Hiyo ni 800 kwa wiki. Mashine ya 20,000 itarudisha pesa yake baada ya wiki 25, yaani karibu miezi sita. Akija mara moja tu kwa wiki, ni wiki 50, karibu mwaka mzima. Ongeza stima na tengeneza-tengeneza ndogo ndogo.

Kama nguo unafua mwenyewe, basi hutaokoa pesa. Utaokoa muda, mgongo na mikono. Hilo nalo lina thamani, hasa kukiwa na mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani. Lakini jiulize: huo muda utaufanyia nini? Ukiwa na jibu, endelea. Ukiwa huna, acha pesa ikae kwanza.

2. Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaangalia rangi, wanaangalia vitufe, wanasahau kwamba mashine bila maji ni sanduku tu. Mashine ziko aina tatu.

Ya mapipa mawili. Upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua. Unamimina maji mwenyewe kwa ndoo au paipu, na nguo unazihamisha kwa mkono. Haihitaji maji ya presha. Siku bomba limekauka, madumu yako ya lita 20 yanatosha kuanza kazi. Maji yale yale ya sabuni unaweza kuyatumia tena: kanzu na shuka nyeupe kwanza, kisha nguo za rangi, mwisho nguo za shamba. Leso mpya zinazochuja rangi, zifue peke yake. Ni nyepesi, watu wawili wanaibeba bila taabu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuiacha ukaenda sokoni. Lazima uwe karibu.

Otomatiki ya mlango wa juu. Unatia nguo na sabuni, unabonyeza, inajifanyia. Lakini inakunywa maji: kwa kawaida mara mbili au zaidi ya yale yanayotumiwa na ya mlango wa mbele, kwa nguo zile zile.

Otomatiki ya mlango wa mbele. Yenye kubeba kilo 7 kwa kawaida hutumia kama lita 45 hadi 60 kwa mfuo mmoja, na inafua vizuri sana. Lakini inataka maji ya bomba yenye nguvu, stima isiyokatika katikati ya kazi, na sakafu ngumu iliyo sawa. Ni nzito, kilo 60 na zaidi, kwa sababu ndani huwekwa uzito maalum ili isiruke ikikamua.

Sasa pima maji yako. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, fungua lote, angalia saa. Ikijaa ndani ya dakika moja na robo, nguvu inatosha mashine nyingi za otomatiki. Ikizidi dakika moja na nusu, maji yako ni dhaifu na otomatiki itakusumbua.

Kama unatumia tangi, kinachotoa nguvu ni urefu wa maji juu ya mashine, si ukubwa wa tangi. Mashine nyingi zinataka maji yashuke kutoka mita 3 hadi 5 hivi. Tangi la lita 1,000 lililokaa chini kwenye matofali mawili lina maji mengi lakini halina nguvu. Soma kitabu cha mashine, au muulize fundi wa maji kabla, si baada.

Kuna na jambo la chumvi. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa Kwale yana chumvi, na mengine ni magumu. Utayajua kwa sabuni: unasugua weee, povu haliji. Maji hayo huacha ukoko mweupe kwenye kipasha maji cha ndani na hula chuma polepole. Kama ndiyo maji uliyo nayo, mashine isiyopasha maji na yenye pipa la plastiki itadumu zaidi. Msimu wa masika kinga maji ya mvua. Sabuni itatoka kidogo na nguo zitang'aa.

3. Stima: hesabu kwa tokeni zako

Hesabu ya stima ni rahisi. Wati 1,000 zikiwaka saa moja ni uniti 1. Mota ya kufulia ya wati 400 ikizunguka robo saa inakula uniti 0.1. Mafuo manne, uniti 0.4. Lakini kipasha maji cha wati 2,000 kikiwaka nusu saa tu, kinameza uniti 1 nzima. Kwa hivyo kinachomaliza tokeni si kuzunguka, ni kupasha. Pwani hii joto si haba, fua na maji baridi.

Angalia ujumbe wa tokeni wa mwisho ulionunua. Gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya uniti. Tumia hiyo, usitumie bei ya jirani.

Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, mashine yenye bodi ya kompyuta ndani huweza kuungua. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache kabla ya kupitisha stima. Pia hakikisha soketi ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Maji na stima havina utani.

4. Ukubwa: kilo ni za nguo kavu

Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Chukua nguo za siku mbili za nyumba nzima, zifunge kwenye shuka, mwombe mwenye duka la nafaka akupimie. Ikiwa ni kilo 5, mashine ya kilo 7 inakutosha. Usijaze mpaka mdomoni. Nguo zikibanana hazisafiki, na mota inachoka mapema.

5. Kununua wapi: Ukunda, Mombasa, ng'ambo ya mpaka au Uarabuni?

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni karibu kilomita 100. Bei ya dukani Mombasa si bei ya mlangoni kwako. Ongeza usafiri, kubeba na fundi, ndipo ulinganishe na Ukunda.

Wengine watasema, "Si Tanga ni hapo tu, vuka Horohoro." Volti na soketi za Tanzania zinafanana na zetu, hiyo ni kweli. Lakini angalia mambo matatu. Kwanza, bei ya shilingi za Tanzania ibadilishe kwa kiwango cha siku hiyo, pamoja na gharama ya kutuma pesa nje ya nchi. Pili, nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Mashine iliyotengenezwa China haiwi ya Tanzania kwa sababu imeuzwa Tanga. Waulize maafisa wa forodha pale kituo cha mpakani kabla ya kulipa. Tatu, waranti ya duka la Tanga huenda ikakutaka uirudishe Tanga.

Na kama una dada au binti Uarabuni anayetaka kukutumia mashine, mwambie asome kibandiko cha nyuma. Sisi tunatumia volti 240 na hezi 50. Oman na Dubai pia ni hezi 50. Saudia ni hezi 60. Mashine ya huko yenye mota ya kawaida itazunguka taratibu na kupata moto ikija hapa. Kibandiko kikisema 50/60, hakuna shida.

6. Dukani: maongezi yawe hivi

Muuzaji: Shikamoo mama, karibu. Hii hapa kilo kumi, imebaki moja tu.
Mteja: Marahaba mwanangu. Iwashe niione.
Muuzaji: Iko kwa boksi mama, nikiifungua itaonekana imetumika.
Mteja: Basi washa ile ya maonyesho. Na spea zake zapatikana wapi?
Muuzaji: Ukunda zipo, Mombasa pia.
Mteja: Niandikie jina la fundi na simu yake. Waranti ni ya muda gani?
Muuzaji: Mwaka mzima mama. Lakini ni ya mota peke yake.
Mteja: Ahsante kwa kuniambia ukweli. Iandike kwenye risiti, kisha unipe nambari ya till ya duka.
Muuzaji: Tuma tu kwa nambari yangu, nitakupunguzia mia mbili.
Mteja: La mwanangu, mia mbili kaa nayo. Mimi nataka jina la duka.

Umeona? Mama hakugombana na mtu, lakini hakuacha kitu hewani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji. Kuuliza si kusumbua.

7. Kulipa kwa simu bila kujuta

- Lipa kwa till au paybill ya duka. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuweka PIN. Kama si jina la duka au la mwenye duka unayemjua, simama, uliza.
- Muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, usimtumie pesa yote mbele. Mwambie utalipa mashine ikifika na ikiwashwa. Akikataa kata kata, mwache.
- Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Si dawa ya mashine mbovu. Pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari yako akishaitoa, kuipata ni shida.
- Ujumbe wa malipo usiufute. Ile kodi ya muamala iandike nyuma ya risiti, maana karatasi ya risiti hufifia kwa joto.
- Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN. Hakuna. Hata akikujua jina.

Na kulipa mdogo mdogo? Fanya hesabu ya jumla. Mfano: bei ya taslimu ni 24,000. Kwa mkopo unaambiwa toa 5,000, kisha 100 kila siku kwa siku 300. Hiyo ni 5,000 na 30,000, jumla 35,000. Umeongeza 11,000. Mia moja kwa siku haionekani, lakini elfu kumi na moja inaonekana. Wakati mwingine inafaa, kama mashine itakuingizia pesa. Kama haiingizi, ni afadhali uweke hiyo mia kila siku kwenye akiba ya simu. Siku 240 utakuwa na 24,000 yako bila deni.

8. Ikifika nyumbani

Mashine ya mlango wa mbele huja na boliti nyuma za kushikilia pipa safarini. Zitoe kabla ya kuiwasha, kisha zihifadhi. Ukisahau, itarukaruka na kuvunjika siku ya kwanza. Mara ya kwanza iendeshe bila nguo. Maji yanayotoka yapeleke kwenye migomba, si kwenye njia ya jirani.

Neno la mwisho: yule mama wa kufua

Ukinunua mashine, kuna mtu anapoteza 800 kwa wiki. Mwambie mapema, usimshtukize siku amekuja na beseni. Mapazia, mablanketi na kupiga pasi bado ni kazi.

Na kama wewe ndiye mama wa kufua na unasoma somo hili, ni lako pia. Ukiwa na wateja wanne kwa wiki wa shilingi 400, unapata 1,600. Ukiweka 400 kila wiki, peke yako au kwa chama, baada ya wiki 50 una 20,000. Mashine ya mapipa mawili itakuwa yako, na nguo za wateja zitaletwa mlangoni kwako.

Zoezi

Andika majibu kabla ya kutoka nyumbani:
1. Ndoo yangu ya lita 10 inajaa kwa muda gani?
2. Nguo zangu za siku mbili ni kilo ngapi?
3. Uniti moja ya stima kwangu ni shilingi ngapi?
4. Bei ya mashine hadi mlangoni, pamoja na usafiri na fundi, ni ngapi?
5. Jina litakalotokea kwenye simu nikilipa ni la nani?

Ukiwa na majibu yote matano, nenda dukani. Ukikosa hata moja, pesa yako iko salama zaidi hapo ilipo.