Dondoo muhimu: Kwa baiskeli kupitia msitu wa Ngezi, Pemba

Anzia Konde asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ukishaingia msituni magari ni machache na miti mirefu imesimama pande zote mbili. Usikimbie, maana raha ya njia hii ni kivuli chake. Ukitokeza upande wa pili, shika njia ya Makangale hadi ufuo wa Vumawimbi au mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Pemba ni kisiwa cha vilima: kagua breki kabla ya chochote. Beba maji, pampu na tyubu ya akiba. Masika, Machi hadi Mei, ahirisha safari.

Vijijini vaa nguo za heshima, na ukikutana na wazee, wape shikamoo.