Kinanda cha Mdomo: Sauti za Kuvuta

Watoto, nawaeleza kwanza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa seminari ndogo, mjomba wangu alinipa kinanda cha mdomo. Wengine hukiita harmonika. Nilifurahi sana. Sauti zote za kupuliza zilitoka vizuri. Lakini kila nilipofika kwenye tundu la pili na kuvuta pumzi, kinanda hakikuimba. Kilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Sauti ikaharibika zaidi.

Nikawaza: «Kinanda hiki ni kibovu.» Nikakifungua, nikauinua ulimi wake kwa ncha ya kisu. Ukavunjika. Siku ya pili nilijaribu kinanda cha mwenzangu. Tundu lilelile likanishinda. Lakini mwenyewe alipovuta, likaimba vizuri! Ndipo nilipofahamu: kinanda changu kilikuwa kizima, na kosa lilikuwa katika pumzi yangu. Mjomba alipokuja kunitazama, akaniomba nimpigie wimbo. Niliinamisha kichwa.

Kinanda kinaimbaje?

Kinanda cha mdomo cha kawaida kina matundu 10. Ndani yake mna ndimi 20 nyembamba za shaba, mbili kwa kila tundu. Mmoja huimba ukipuliza, wa pili huimba ukivuta. Pumzi huutikisa ulimi, nao hutoa sauti. Ndimi za upande wa kushoto ni ndefu, zina sauti nene. Za upande wa kulia ni fupi, zina sauti nyembamba.

Kama kinanda chako ni cha DO, tundu la pili hutoa MI ukipuliza, na SOL ukivuta. Tundu la tatu hutoa SOL ukipuliza, na SI ukivuta. Tazameni: katika matundu hayo mawili, sauti ya kuvuta iko juu ya sauti ya kupuliza, tena kwa nafasi kubwa. Basi mtu akikaza kinywa na kuinua ulimi wake, sauti ya juu huteremka katika nafasi hiyo. SOL yaweza kushuka hata FA. Wapigaji hodari huishusha hivyo kwa kusudi, ili kuupamba wimbo. Mwanafunzi huishusha bila kujua, halafu analaumu kinanda.

Dawa yake

Kwanza, kaa wima, uache mabega yatulie. Vuta pumzi kutoka tumboni, pole pole, kama mtu anayepumua usingizini. Usivute kama anayefyonza uboho katika mfupa.

Pili, ingiza kinanda ndani kidogo ya midomo, wala usikishike kwa ncha ya midomo tu. Midomo iwe na maji kidogo, isikazwe. Ulimi wako ulale chini. Koo lifunguke, kama unataka kupiga miayo.

Tatu, chunga pua. Hewa ikipita puani, ulimi wa shaba unakosa pumzi. Bana pua kwa vidole viwili, kisha vuta tena. Sauti ikipata nguvu, umemkamata mwizi: ni pua yako.

Nne, vuta matundu matatu pamoja, la kwanza, la pili na la tatu. Utasikia RE, SOL na SI zikipatana. Endelea kuvuta vilevile, huku ukipunguza midomo kidogo kidogo, mpaka libaki tundu la pili peke yake. Pumzi isibadilike. Kama sauti inakwaruza, rudi kwenye matatu, uanze tena.

Mwisho, pima kazi yako. Puliza tundu la tatu: ni SOL. Vuta tundu la pili: ni SOL ileile. Zikilingana, umefaulu. Ya pili ikiwa chini, ungali unaikaza.

Na kama kinanda kina kasoro kweli?

Mpe mtu anayejua kupiga, avute tundu lile. Likiimba, basi kinanda ni kizima. Lisipoimba hata kwake, labda mna uchafu. Geuza matundu yatazame chini, ukigonge kinanda polepole kiganjani. Ukila karanga au muwa, sukutua kinywa kabla ya kupiga. Kama sehemu ya katikati ni ya mti, usikitie majini, kwa maana mti huvimba. Pengine ulimi umelala karibu mno na bamba lake, nao hunyamaza ukivutwa kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya fundi. Kisu na msumari viache mahali pake.

Watoto, haraka haraka haina baraka. Robo saa kila siku, kwa pumzi ya upole, inafaa kuliko saa nzima ya kuvuta kwa nguvu. Kabla hujafungua kinanda, fungua kwanza koo lako.

Maswali

1. Kinanda cha kawaida kina matundu mangapi? Kina ndimi ngapi?
2. Kwa nini SOL ya tundu la pili hushuka upesi?
3. Utajuaje kwamba pua inakuibia pumzi?
4. Sauti gani mbili zinapaswa kulingana?
5. Mwandishi alikosa nini? Wewe ungalifanya nini kwanza?