Kijifupa cha Ziada Mguuni

Macalder, katika Kaunti ya Migori, ni mahali pa kazi ya miguu. Mgodi wake mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo wangali wakishuka mashimoni na kupanda na magunia ya mawe, mabuti ya mpira miguuni. Mmoja wao akiteguka, kisha akaona uvimbe mgumu upande wa ndani wa wayo, husema: "Mfupa umetoka mahali pake." Nasi watu wa pwani twasema vivyo hivyo, na twamkimbilia mkandaji aurudishe.

Twapenda ndugu zetu wafahamu kuwa huenda mfupa huo haukutoka popote. Katika watu kumi, yapata mmoja huzaliwa na kijifupa cha ziada hapo, ubavuni mwa mfupa ambao matabibu waliupa jina kwa umbo lake la mashua. Walio wengi huishi nacho hata kufa wasikijue. Lakini kano inayoinua uvungu wa wayo imejishika papo hapo. Mguu ukiteguka, au ukitumikishwa mno, au kiatu kigumu kikisugua, gegedu inayokifunga kijifupa huumia, na kano huvimba. Wenye nyayo bapa ndio wataabikao zaidi. Kiko na kingine, nyuma ya kifundo cha mguu, kinachowauma wachezao mpira, kwani wayo ukielekezwa chini hubanwa.

Basi kumkanda mtu kwa nguvu ili kukirudisha kilichoumbwa pale ni kumzidishia jeraha. (Habari ya kuchanja na kupunga hatuna haja ya kuijadili.) Hata picha ya eksirei yataka jicho la mjuzi: kijifupa hudhaniwa kipande kilichovunjika, ingawa kingo zake ni laini, na za mfupa uliovunjika karibuni ni kali. Mara nyingi mguu wa pili nao unacho, ndiyo sababu tabibu huomba kuupiga picha pia.

Asiyeweza kukanyaga kabisa, au ambaye mguu umepinda au umekufa ganzi, na apelekwe hospitali siku ile ile. Wengineo hupona kwa kupumzisha mguu, kutia kiinulio chini ya uvungu wa wayo, na pengine plasta kwa wiki kadhaa. Upasuaji wa kukitoa kijifupa ni wa wachache walioshindwa na hayo yote. Na buti likibana, litiwe ndani kipande cha sponji kilichotobolewa, tundu lake likae juu ya uvimbe.