Somo: Gari la Haibridi na Gari la Umeme

Ndugu wafanyakazi, tusiyachanganye magari haya mawili.

Haibridi ya kawaida, kama Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Betri yake hupata chaji kutoka kwa injini, na pia gari linapofungwa breki.

Gari la umeme, kama Nissan Leaf ya mwaka 2010, halina injini wala tangi la mafuta, lazima lichomekwe. Kwa safari za kila siku, penye umeme wa uhakika hufaa hilo. Penye umeme wa kukatika-katika, haibridi.

Lakini yote mawili yana nyaya za rangi ya machungwa, zenye umeme wa kuua. Fundi asiziguse bila mafunzo na glavu za kuzuia umeme. Tuvidai kwa mwajiri kabla ya kazi.