Matengenezo Kwanza: Somo la Wakfu Katika Tovuti ya Maktaba Yetu



Ndugu msomaji, maktaba ya msikiti wetu hapa chuoni, Kampala, ina vitabu visivyofika mia tano. Tovuti yake ya kwanza ilipendeza sana, lakini haikudumu. Aliyeitengeneza alihitimu akaondoka na neno la siri, na ada ya mwaka ya jina la tovuti ilipofika hakuna aliyejua kuwa tunadaiwa. Siku moja ukurasa haukufunguka tena. Ikapotea michango ya wanafunzi, ambao wengine waliitoa katika pesa ya chakula.

Mwaka huu tulikabidhiwa watu watatu shilingi laki sita za Uganda tuijenge upya. Mwenzetu mmoja alitaka picha kubwa zinazotembea. Mimi nikataka video za darsa. Tulipopiga hesabu, pesa yote ingeisha siku ya uzinduzi.

Wiki ile nilikuwa nadurusu mlango wa wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Kwa hiyo mazao yanategemea kubaki kwa asili. Ndiyo maana wanazuoni wa Kihanafi wakasema pato la wakfu lianze kwa matengenezo ya wakfu wenyewe, hata kama mtoaji hakulitaja sharti hilo. Sisemi tovuti yetu ni wakfu kisheria, ila kanuni hiyo ilitufaa.

Basi tulifanya hivi:

1. Tulitenga kwanza ada ya jina na ya seva kwa miaka mitatu. Zaidi ya nusu ya fedha ikaenda huko.

2. Tulichagua WordPress, programu ya bure. Tuliitazama pia Koha, programu ya bure ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Ni nzuri, lakini inahitaji fundi wa kuitunza, nasi hatuna. Kwa vitabu vyetu, jedwali moja lenye sehemu ya kutafuta linatosha.

3. Tuliacha picha kubwa na video, kwa kuwa wengi wetu tunafungua kwa simu na bando dogo.

4. Neno la siri na tarehe za malipo vimeandikwa katika daftari la Jumuiya, na viongozi hukabidhiana wakati wa kupokezana madaraka.

Wapo walioicheka wakisema inafanana na tangazo la ubaoni. Nakiri hata mimi roho iliniuma kuziacha video zangu. Lakini fedha ile ilikuwa amana, si uwanja wa kuonyesha ufundi wetu.

Ndugu yangu, Jumuiya yako ikipanga jambo kama hili, usianze kuuliza litapendeza vipi. Uliza: sisi tukishahitimu, nani atalilipia, na kwa fedha ipi?

Allah atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana. Wabillahi tawfiq.